Matanga ya Mfereji

Mimi si mtu wa maneno mengi. Muulize yeyote mtaani kwetu. Atacheka, lakini muulize tu. Mimi ni mtu wa chapati, maharagwe na chai ya maziwa, na nikiachwa nipike kwa amani sina haja ya kumkosea mtu adabu. Ni wao walionianza.

Hoteli yangu iko upande wa chini wa mtaa wa Huruma. Aliijenga marehemu mume wangu, Muturi, kwa mikono yake, mwaka aliostaafu kazi ya reli. Sakafuni karibu na jiko kuna alama ya kiganja chake. Aliteleza saruji ikiwa mbichi akajishikiza, na nilipotaka kuisawazisha akakataa. "Iache, Warigia," akasema. "Siku nikiwa sipo utapata mtu wa kugombana naye." Sasa hayupo, na kweli nagombana naye kila asubuhi nikifagia. Kwa hiyo mtu akiniambia atabomoa hoteli ile, asidhani anazungumza habari ya mabati na mbao.

Mwaka wa mahindi ya njano, ule wa njaa, Shirika la Ustawi wa Mitaa lilituletea mfereji wa maji ya bomba. Mafundi walichimba siku mbili, wakajenga jukwaa la saruji, wakachomeka bomba. Sasa lile jukwaa, sijui nilieleze vipi. Lilikuwa na miguu minne, na upande mmoja lilikuwa limeinuka. Tukauliza, jamani, huu ni mfereji gani wenye kichwani na mguuni? Fundi akatuambia ni muundo wa kisasa.

Siku ya ufunguzi, mkubwa wa Shirika alikuja na mkasi. Alikata utepe, akafungua mfereji, maji yakatoka! Sisi akina mama tukapiga vigelegele mpaka koo zikauma. Picha zikapigwa, na jina la mkubwa likabaki limechongwa kwenye jiwe pale pembeni. Gari lake lilipokata kona kuingia barabara kubwa, maji yakaisha. Hayakurudi.

Tukaambiwa ni ukame. Haya, tukavumilia. Mwaka uliofuata mvua zikanyesha mpaka mto wa Mathare ukabeba vyoo vya watu, na mfereji ukabaki mkavu vilevile. Mijusi wakahamia ndani. Sisi tukaendelea kununua maji ya mkokoteni kama zamani, tukanyamaza. Mkenya wa siku zile alijua kunyamaza, hata mimi.

Ndipo akaja Njogu.

Njogu ni bwana afya wa Shirika hilohilo, mtu mwembamba mwenye koti jeupe na tumbo lisilojaa. Chapati zangu amekula tangu Lydiah, binti yangu, akiwa anatambaa. Lakini siku hiyo hakukaa. Alisimama mlangoni na karatasi.

"Mama Lydiah, unatumia maji yasiyojulikana yalikotoka."

"Yanajulikana. Yametoka kwa mkokoteni."

"Sheria inasema hoteli iliyo karibu na mfereji wa Shirika itumie maji ya mfereji wa Shirika."

"Njogu, mfereji ule hautoi maji. Unajua. Juzi umeukalia ukila mandazi yangu."

"Ofisini unatoa," akasema.

"Ati?"

"Kwenye rekodi. Mradi umekamilika na unafanya kazi. Nikiandika mimi kwamba hautoi, nitakuwa nimesema Shirika linadanganya, na mshahara wangu unatoka Shirika. Nielewe, mama." Akaweka karatasi mezani. Nisipoanza kutumia maji ya mfereji ule kufikia Jumatatu, hoteli itafungwa na kubomolewa. Kisha akauliza kama kuna chapati mbili za kubeba.

Maneno nilimpa. Chapati hakupata.

Kesho yake nikavaa kanzu yangu ya kanisani nikaenda ofisini kwao. Sikutaka makubwa. Nilitaka mtu mmoja mwenye cheo aseme sentensi moja: mfereji wa Huruma hautoi maji. Nikiipata hiyo, Njogu hana kesi. Dirisha la kwanza likanituma la pili, la pili likanituma la kwanza. Nikauliza basi nani alipewa kazi ile, na aliahidi nini, na kwa pesa gani, maana ni kodi yetu. Kijana mwenye tai akanijibu bila kuinua macho, "Mama, mambo ya kandarasi ni ya ndani."

"Ya ndani? Na mfereji uko nje!"

Nilipaza sauti, sikatai. Ndiyo maana nikaingizwa kwa Bwana Mulama, mkuu wa miradi, ili ninyamaze. Mulama alikuwa mtu mzima, shati limepigwa pasi, adabu tele. Alinipa kiti na kuniita mama. Nikamweleza yote, mpaka kiganja cha Muturi nikamweleza. Akasema, "Pole sana, mama. Lakini mradi ule umekamilika kwa asilimia mia moja."

"Basi njoo unywe hiyo asilimia," nikamwambia.

Hakukasirika. Aligeuka akatazama dirishani, akawa anaulizia mvua. Hakunitazama usoni tena mpaka nilipotoka, na hilo nililiona.

Nilirudi mtaani na hasira zangu. Nikaenda moja kwa moja kwa Caleb Obura. Huyu alikuwa karani wa reli, rafiki wa Muturi, na mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi. Caleb anapenda sherehe kuliko mshahara. Akisimama kusema "hamjambo," keti vizuri.

"Mzee Caleb, tuite mkutano," nikamwambia. "Mtaa mzima useme mfereji haufanyi kazi."

"Mkutano unataka leseni, Mama Lydiah. Chifu ataniuliza ajenda. Nikimwambia ni Shirika, leseni nitaipata nikiwa kaburini." Halafu nikaona masharubu yanacheza. "Kaburini," akarudia polepole. "Mama Lydiah, ni kitu gani mtaani hapa hakijawahi kuombewa leseni?"

"Deni."

"Kifo, mama! Kifo!"

Nikamtazama nikidhani ameanza kuzeeka. Lakini alipomaliza kunieleza nilikuwa nimeshika ukuta kwa kicheko.

Lazima mjue chama chetu kinavyozika. Sisi ni watu mchanganyiko, Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, na kila mmoja alileta desturi ya kwao. Nyingi tuligombania. Mbili tulikubaliana. Kwanza, kabla watu hawajatawanyika matumizi yote husomwa kwa sauti, mpaka kiberiti. Pili, mtu aliyemuuguza marehemu husimama mbele ya watu, anaeleza ugonjwa ulivyoanza, ulivyokwenda, na ulivyoishia. Wala hafichi. Muturi alipofariki, mdogo wake ndiye aliyekuwa naye hospitali. Alisimama akaeleza kila kitu, hata maneno ya mwisho, ambayo yalikuwa kuulizia kama nimefunga jiko. Nililia siku ile mpaka nikakauka. Na usiku huo, kwa mara ya kwanza, nililala. Mtu akikueleza ukweli wa msiba wako anakuwa amekupokonya mzigo. Hilo Shirika halijui.

Basi Jumamosi asubuhi mfereji wetu ukafariki rasmi.

Tuliufunga kitambaa cheusi shingoni. Tukaweka maua ya karatasi kwenye jukwaa, na picha ya siku ya ufunguzi tukaiegemeza pale, mkubwa na mkasi wake na maji yanatiririka. Turubai la chama likasimama, moto ukawashwa, karai la mchango likawekwa kwenye stuli. Caleb alivaa koti jeusi na viatu vya kung'aa, uso ameukunja hivi kwamba mimi mwenyewe nilitaka kumpa pole.

Mwenye kulia alikuwa Mama Nabiswa. Huyu ni bibi wa Kibukusu, na kwa kilio hana mpinzani kutoka Huruma mpaka Donholm. Watu humwita hata kwa misiba isiyomhusu. Alikuja ameshika kichwa, akauzunguka mfereji.

"Uwii! Mfereji wetu! Umetuachia nani! Umeondoka bila kutuaga, hata tone moja! Sura yako nzuri, mwili wako mpya, hata kutu hujaota!"

Akina mama wakaitikia. Tulianza kwa mzaha, lakini kilio ni kilio. Wengine walikumbuka ndoo walizobeba na mimba tumboni, foleni za alfajiri, watoto walioharisha. Nikaona machozi ya kweli. Mtu mmoja wa mtaa wa Tena aliyekuwa akijipitia alisikia, akavua kofia, akaketi, akatoa mchango, akala. Alipokuwa anaondoka akanishika mkono.

"Pole sana, mama. Alikuwa mzee?"

"Mchanga kabisa," nikamwambia. "Alifanya kazi siku moja."

Maskini, akatoa kitambaa akapangusa macho.

Jumapili baada ya kanisa mtaa ulijaa hadi barabarani. Hata Njogu alikuja. Hakuwa na koti jeupe. Alikaa nyuma kabisa, sahani ya maharagwe magotini, akijifanya hanioni. Nilimwacha. Matangani hafukuzwi mtu.

Saa nane hivi akafika Chifu Mbuthia na askari wawili. Mbuthia si mtu mbaya, ni mtu mwoga aliyepewa kofia. Alisukuma watu akafika mbele.

"Huu mkutano umepewa leseni na nani?"

Caleb akainama kwa heshima. "Chifu, karibu msibani. Matanga tangu lini yakaombewa leseni?"

Chifu akavua kofia haraka. "Lo! Poleni. Sikuambiwa. Nani amefariki?"

Watu wote, mkubwa na mdogo, wakanyoosha kidole. Chifu akatazama mfereji. Akatazama kitambaa cheusi. Akairudisha kofia kichwani.

"Mnanichezea?"

"Hatuchezi na kifo, Chifu," nikasema mimi, maana nilikuwa nimeshavumilia vya kutosha. "Sheria imesema matanga hayaombewi leseni. Imesema aliyekufa lazima awe na masikio?"

"Mfereji haufi!"

"Basi ni mzima?"

"Ni... sikusema ni mzima."

"Mama watoto wako anachota wapi maji, Chifu?" Hilo alilisema Mama Nabiswa kwa upole, na watu wakaguna. Kila mtu alikuwa amemwona mke wa chifu kwenye foleni ya mkokoteni.

Chifu akajikuna chini ya kofia kwa muda mrefu. Alikuwa na hesabu ngumu na nilimwonea huruma kidogo. Mwishowe akainua mkono. "Sikilizeni. Kama mfereji huu ni mzima, hamna msiba, huu ni mkutano haramu, na nitaanza na wewe Obura, na huyu mama nyuma yako. Kama umekufa, basi poleni zenu, endeleeni. Lakini mimi si mtu wa mifereji. Wenye mtoto ndio waseme." Akamtuma askari kwa baiskeli mpaka Donholm, nyumbani kwa Mulama.

Ule mzaha wetu sasa ulikuwa umeota meno. Mulama akisema ni mzima, Caleb anakwenda ndani, mimi nakwenda ndani, na Jumatatu wanakuja kubomoa hoteli hakuna hata wa kuwapigia kelele. Nilimfikiria Muturi na kiganja chake chini ya vifusi.

Mulama alikuja na Peugeot yake, bado anatafuna, bila shaka wamemtoa kwenye kuku wa Jumapili. Lakini alipoona moto, turubai na wazee wamekaa, alisimama, akavua kofia, akaacha kutafuna. Nikajiambia, huyu amelelewa. Akawapa mkono wazee wote mmoja mmoja kabla ya kuuliza neno.

Chifu akamweleza. Mulama akatazama mfereji uliovaa nguo nyeusi. Akakohoa.

"Ndugu zangu, Shirika linatambua uvumilivu wenu. Kwa mujibu wa taarifa tuliyonayo, mradi huu ulikamilika kwa asilimia mia moja."

"Kwa hiyo ni mzima?" Chifu akauliza, na askari wake wakasogea karibu yangu.

"Kwa mujibu wa taarifa..."

"Bwana Mulama," akasema Caleb, "mgonjwa haulizwi kwa taarifa. Mguse."

Watu wakafungua njia. Mulama akaenda, akafungua kile kitambaa cheusi taratibu kama anavyofunuliwa maiti, akazungusha mfereji. Kimya. Akazungusha mpaka mwisho. Mjusi mmoja akatoa kichwa, akatutazama sote, akarudi ndani.

Mtu akacheka huko nyuma. Mama Nabiswa akageuka akamtazama, kicheko kikafa hapohapo. Kisha akasimama, akamwendea Mulama kwa fimbo yake, akasimama mbele yake. Alimfikia kifuani.

"Wewe ni mtoto wa nani, mwanangu?"

Mulama akamtajia jina la baba na la babu. Mama Nabiswa akatikisa kichwa kuonyesha anaujua ukoo.

"Baba yako alipokufa, nani aliyesimama akaeleza?"

"Ni mimi, Kukhu," akasema Mulama. Kukhu ni bibi kwa Kiluhya, na alilisema kwa sauti ya mtoto.

"Ulificha?"

"Hapana, Kukhu."

"Huyu marehemu, aliyekuwa naye ni wewe. Wewe ndiye uliyemuuguza, wengine sisi ni majirani tu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio unakiona kimefika. Simama ueleze, watu wakalale."

Akarudi akaketi. Mulama akabaki pale ameshika kofia kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa limelowesha lile shati la pasi. Aliwatazama wazee, akanitazama mimi, na safari hii hakugeukia dirisha, maana matangani hakuna madirisha.

"Marehemu," akaanza. "Marehemu hakuugua."

"Sema," wazee wakaitikia.

"Hakuugua, kwa sababu hakuwahi kuwa mzima. Bomba hili limeingia ardhini hatua mbili, likakoma. Halijaunganishwa popote. Maji ya siku ile yalitoka kwenye pipa lililofichwa nyuma ya kile kibanda. Mimi ndiye niliyeshika mpira wa maji."

"Uwii!" akina mama wakalia, na sijui kama ilikuwa kilio au kicheko.

"Tenda haikutangazwa. Kazi alipewa shemeji wa mkubwa. Hakuwahi kujenga mfereji maishani mwake. Ana karakana ya vitanda."

Watu wote wakageuka wakatazama lile jukwaa. Miguu minne. Kichwa kimeinuka. Halafu mtaa mzima ukapasuka. Watu walianguka chini. Askari mmoja alikaa kwenye stuli ya mchango na karai likamwagika. Hata Caleb, ambaye hajawahi kucheka akiwa amevaa koti lile, alifunika uso kwa kofia na mabega yakamtikisika. Muda wote ule tulikuwa tunangoja maji kutoka kitandani!

Mulama peke yake hakucheka. Alingoja tunyamaze. "Niliambiwa nitie sahihi kwamba umekamilika, nikatia," akasema. "Nina watoto shuleni. Hayo ndiyo ninayoyajua. Sikuficha kitu. Mnisamehe." Akakaa kwenye benchi kati ya wazee, na mzee mmoja akampigapiga goti.

Lakini Chifu Mbuthia, Mungu amsamehe, alikuwa bado kwenye hesabu yake. "Ngoja kwanza," akasema. "Kama hakuwahi kuwa mzima, hakufa. Kama hakufa, haya si matanga. Kama si matanga..."

Nikaona anatafuta pingu kwa macho. Hapo nikasimama, nikamjia mpaka kofia yake ikanigusa kilemba.

"Chifu, umesikia mwenyewe. Mtoto hajazaliwa. Na watu waliokusanyika mlangoni mtoto hajazaliwa, wanafanya nini?"

"Wana... wanangoja uzazi?"

"Basi sisi tunangoja uzazi. Mkeo alipokuwa na uchungu, uliwaombea leseni waliomngoja?"

Chifu akavua kofia tena, akakaa, akaomba chai. Kazi ilimshinda, na nadhani alifurahi kushindwa.

Mimi nilikuwa sijamaliza. Nikamtafuta Njogu kule nyuma. Alikuwa amejaza mdomo.

"Njogu! Umesikia mfereji unatoa maji au hautoi?"

Akameza kwa shida. "Hautoi."

"Nani amesema?"

"Shirika limesema."

"Ukiandika hivyo, bado utakuwa umesema Shirika linadanganya?"

Akafikiri. Nikaona uso wake unafunguka polepole, maana kwa kweli hata yeye alikuwa amebanwa. "La. Nitakuwa nimesema Shirika limesema kweli."

"Na kesho Jumatatu?"

"Kesho," akasema Njogu, "nitakuja kula." Akatoa nakala ya ile notisi mfukoni, akaipangusia vidole.

Nilikaa chini palepale vumbini. Wakadhani nalia msiba, wakaniletea maji kwenye kikombe, na yalikuwa ya mkokoteni, na yalikuwa matamu.

Kabla watu hawajatawanyika Caleb alisoma matumizi ya matanga kama desturi, sukari, majani, kuni, kiberiti, na kilichobaki kikatajwa kila mtu akasikia. Mulama alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

Habari haikumaliza siku mbili kufika kila mtaa. Wiki hiyohiyo watu wa Tena wakatangaza kifo cha taa za barabarani, na upande mwingine wakaanza kulilia mtaro. Caleb akawa anaalikwa huku na huku kufundisha taratibu. Shirika likatoa amri kwamba ni marufuku kwa afisa yeyote kuzungumza matangani bila ruhusa ya mkubwa. Amri hiyo ilisomwa kwa sauti kwenye matanga ya taa. Kabla ya mwezi kwisha mafundi wakaja kwetu wakichimba mchana na jioni, hawakuongea na mtu. Shirika lilikuwa halitaki tena msiba.

Maji yalipotoka tulikuwa tumesimama wote. Yalitoka mekundu kwanza, yakakohoa, mjusi akaondoka na maji, kisha yakawa meupe. Akina mama wa Kikuyu tukaanza vigelegele vya mtoto, na tukagombana hapohapo, maana kwetu mvulana ni vitano na msichana ni vitatu. Mimi nikasema kinachochotewa na kila mtu ni msichana, ndiye mwenye kazi. Wengine wakasema kilichochelewa namna ile lazima ni mvulana. Tukapiga vyote.

Mulama sikumwona mpaka mwaka mwingine. Alikuja kwa miguu, shati halina pasi. Shirika lilimtoa kwenye meza yake likampeleka stoo, kutunza majembe. Alikaa karibu na jiko, mguu wake kando ya kile kiganja, akaagiza chai. Sikujua nimwambie nini, mimi mwenye maneno. Nikamwita Lydiah.

"Chukua debe, uende kwa Mulama uongeze maji."

Mulama akashusha kikombe. "Kwa nani?"

Nikamwonyesha mlangoni. Foleni ilikuwa pale, na mtu alikuwa anapiga kelele, "Haya, Mulama amefunguliwa, leteni ndoo!" Mwingine akajibu kwamba leo Mulama ana nguvu.

"Mtoto alizaliwa," nikamwambia. "Mtoto hakai bila jina. Kwetu hupewa la mtu wa nyumbani."

Aliitazama foleni. "Na lile jiwe lenye jina la mkubwa?"

"Lipo. Akina mama wanasugulia visigino."

Akashindwa kujizuia, akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Akafuta macho kwa mkono wa shati. Alipomaliza chai akatoa sarafu mfukoni akaziweka mezani. Nikazirudisha mkononi mwake.

"Weka," nikasema. "Baba wa mtoto halipi hapa."

Njogu, aliyekuwa meza ya nyuma na sahani ya pili, akainua kichwa akauliza kama mjomba naye halipi. Huyo alilipa.